Shahada ya uuguzi kwa masomo mseto Uingereza: "soma ukiwa nyumbani" ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayowatoa watu jasho

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu una povu, asiyetaka povu apite tu.

Kila msimu wa udahili yanakuja matangazo yale yale: shahada ya uuguzi wa watu wazima, miaka 3, masomo mseto (mengine mtandaoni, mengine ana kwa ana), soma kwa muda wako, inafaa mzazi, inafaa mfanyakazi. Picha ni mama na laptopu mezani, mtoto pembeni anapaka rangi. Wabeba boksi wenzetu wanaona hapo ndipo pa kutokea kwenye kazi za kea, zile za kuhudumia wazee na wagonjwa. Wanajaza fomu, wanasaini mkopo, muhula wa pili wanakuja humu kuuliza jinsi ya kuhama chuo.

Watu wanapigwa kwenye hesabu. Baraza la Wauguzi na Wakunga, NMC, linataka masaa 4,600 kwa shahada nzima: 2,300 ya nadharia na 2,300 ya vitendo. Mseto unagusa zile 2,300 za kwanza. Za pili ziko pale pale, wodini, kwenye vituo vya afya, kwenye nyumba za wazee, na hazifanyiki kwa laptopu. Kwa wiki ya masaa 37.5 hizo ni zaidi ya wiki 61. Kwa zamu ndefu, ile ya saa 1:30 asubuhi hadi saa 2:00 usiku, ukitoa saa moja ya mapumziko zinabaki 11.5, yaani zamu 200. Tena usidhani utachagua za mchana tu. Kanuni zinataka mwanafunzi apitie masaa yote ambayo muuguzi hufanya kazi, kwa hiyo usiku na wikiendi zimo. Sasa mtu mwenye ajira ya siku tano kwa wiki anaambiwa kozi "inaendana na kazi yako". Inaendana vipi? Aache kulala?

Hata ile nusu ya nadharia, "kwa muda wako" ni yale masomo yaliyorekodiwa tu. Webinari za moja kwa moja zina siku na saa zake, kamera iwe wazi, ukichelewa kuingia mfumo unakuandika hukuwepo. Na masaa ya nadharia nayo yanahesabiwa, usifikiri ukifaulu insha umemaliza. Mfumo unaangalia umefungua nini na umebofya nini. Umeelewa au hujaelewa, hilo haliwahusu.

Tuje kwenye uigaji, yaani mazoezi ya kuigiza hali ya wodini, maana hapa kuna ujanja. Mwaka 2023 NMC iliruhusu hadi masaa 600 kati ya yale 2,300 ya vitendo yafanywe kwa uigaji, chuo kikiwa kimeidhinishwa. Hizo ni wiki 16, na zikifanywa sawasawa zinasaidia sana. Lakini uigaji unaohesabiwa kuwa vitendo unatakiwa uwe na msimamizi na tathmini kama ilivyo wodini. Kumpa mwanafunzi video ya kuzungusha, maswali kumi ya kuchagua na cheti cha kupakua, kisha kumwandikia masaa 7.5 ya vitendo, ni kumdanganya yeye na kumdanganya mgonjwa atakayekutana naye.

Mfano mmoja tu, presha ya kupima kwa mkono. Kwenye video ni rahisi kama kumenya ndizi. Mikononi ni hivi: unachagua kitambaa kinacholingana na mkono, unapapasa mapigo, unajaza hewa mpaka mapigo yapotee chini ya kidole, unakariri namba hiyo. Unaachia hewa yote, unasubiri kidogo. Unaweka stetoskopu, unajaza tena mpaka 20 hadi 30 juu ya ile namba, halafu unaachia polepole, kama milimita 2 kwa sekunde. Sauti ya kwanza ndiyo presha ya juu, zinapopotea ndiyo ya chini. Kasheshe iko kwenye kile kiskrubu cha kuachia hewa. Mgeni akikifungua sana mshale unaporomoka, sauti ya kwanza inampita, anaandika 98 kwa mtu mwenye 115. Kwenye chati ya NEWS2, ile ya kujumlisha pointi za hatari ya mgonjwa, 115 ni pointi 0 na 98 ni pointi 2. Umempa mgonjwa pointi mbili za bure, na kesho kwa kosa hilo hilo utamwita daktari usiku kwa mtu mzima wa afya.

Pumzi nazo. Zinahesabiwa dakika nzima, bila kumwambia mgonjwa, kwa sababu akijua anabadilisha anavyopumua. Waliofundwa na video wanakadiria 16 au 18 kwa kila mtu. Pumzi 24 ni pointi 2, pumzi 25 ni pointi 3, na 3 kwenye kipimo kimoja tu inatosha kutaka mgonjwa aangaliwe haraka. Tofauti ni pumzi moja! Hilo halifundishwi kwa kubofya.

Chuo kitakwambia kuna siku za kampasi. Zipo, chache na zimeshindiliwa. Ukiweka watu 12 kwenye mdoli mmoja wa kujifunzia kuweka mpira wa mkojo kwa masaa matatu, kila mmoja ana dakika 15, na ndani ya hizo aandae trei tasa, avae glavu bila kuchafua, asafishe, aingize, ajaze puto, aunganishe mfuko. Akikosea hatua ya glavu, dakika zimeisha. Mwenzake anaingia.

Sasa kitabu cha vitendo, ePAD. Hapa ndipo watu wanapodisko huku wana akili zao timamu. Kila kituo cha vitendo unahitaji msimamizi wa wodini, mtathmini wa wodini na mtathmini wa chuo. Msimamizi na mtathmini wako hawatakiwi kuwa mtu mmoja, na yule wa chuo habaki yule yule kwa sehemu mbili za kozi zinazofuatana. Kuna mahojiano ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Kwenye mseto mtathmini wa chuo yuko mji mwingine, anakutana na mtathmini wa wodini kwa video ya dakika 20, kama ataipata wodi ikiwa imetulia. Wiki ya mwisho mtathmini yuko likizo, au kahamia wodi nyingine, au ni muuguzi wa wakala asiye na akaunti ya mfumo. Mahojiano ya mwisho hayasainiwi, masaa hayathibitishwi, mwanafunzi havuki kwenda mwaka unaofuata. Chuo kinasema muulize hospitali, hospitali inasema muulize chuo.

Na lingine linalouma. Mwanafunzi hatakiwi kuhesabiwa kwenye idadi ya wafanyakazi wa zamu, kanuni ziko wazi. Lakini wengi wa mseto ni watu wa kea, mikono yao inajua kazi, kwa hiyo wodi ikipungukiwa anapewa upande mzima aoshe na kugeuza wagonjwa. Siku inaisha, dawa hajaona, dripu hajagusa, kitabu cheupe. Kuosha mgonjwa ni uuguzi, sibishi. Ila zamu 200 za kuosha tu hazikufikishi kwenye usajili.

Ada? Kwa mwaka wa masomo 2025/26 kiwango cha juu England ni pauni 9,535, na wa mseto analipa sawa na anayekaa ukumbini kila siku. Umeme wako, intaneti yako, kiti chako. Punguzo hakuna.

Naomba wanaoijua hii kozi waongeze nyama. Wauza matangazo mkae pembeni.

— — —

Zamu ya Usiku:

Mleta mada umenena, ila tusitupe mtoto na maji. Kwa mtu anayekaa mbali na mji wenye chuo, mseto ndio mlango pekee. Ubovu hauko kwenye kusomea nyumbani. Uko kwenye ugawaji wa vituo vya vitendo. Kabla ya kusaini mtu aulize: ratiba ya zamu inatoka wiki ngapi kabla? Vituo viko umbali gani na nyumbani kwangu, si na kampasi? Masaa mangapi ya uigaji, na nani anayasaini? Siku za kampasi zimepangwa mwaka mzima au zinatangazwa zikikaribia? Wakijibu "inategemea" kwa yote manne, kimbia. Na asome masharti ya safari, dakika 90 kila upande si ajabu kuzikuta zimeandikwa humo kwa herufi ndogo.

Kuhusu ePAD, siku ya kwanza kabisa omba kuona ratiba ya zamu ya mtathmini, angalia wiki yake ya mwisho. Kama yupo likizo, omba abadilishwe hapo hapo, si wiki ya tano. Masaa yasainiwe mwisho wa kila zamu. Anayekusanya masaa ya wiki tatu aje kusainiwa kwa pamoja anatafuta ugomvi na muuguzi asiyemkumbuka.

Bi Dozi:

Mmesahau mtihani wa hesabu za dawa. NMC inataka upate 100%. 98 ni kufeli. Na vyuo vya mseto vinatupia watu slaidi na kusema jisomeeni. Swali la kawaida: lita 1 ya maji ya dripu kwa masaa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? 1,000 × 20 ÷ 480 = 41.67, unaandika 42. Watu wanaangukia sehemu mbili: wanaacha masaa bila kuyageuza dakika, au wanaandika 41 kwa kukata desimali. Kwenye mashine ya pampu ni mililita 125 kwa saa, haina matone. Mwanafunzi asome swali linataka kipi kabla hajashika kikokotoo.

Na mazoezi ya kufufua moyo wasikubali kupewa ya kompyuta peke yake. Mikandamizo 30 kwa pumzi 2, 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Kina hicho mtu anakijua kwa mabega yake, na ikifika dakika ya pili anaanza kulegea bila kujijua. Kama hukufanya ya ana kwa ana, pamoja na ya kuinua wagonjwa, kituo kina haki ya kukurudisha mlangoni, na masaa ya siku hiyo utayafidia mwenyewe.

Mgeni Mpole:

Samahani wakuu, mwenye viza ya kea, ile ya Health and Care Worker, anaweza kujiunga? Wakala mmoja anasema mkopo upo.

Zamu ya Usiku:

Ndugu, huyo wakala anatafuta kamisheni. Viza hiyo inakuruhusu kusoma, lakini mkopo wa serikali na ada ya wenyeji vinategemea hadhi yako ya ukaazi, na kwa kawaida viza ya kazi haikupi. Utalipa ada ya mwanafunzi wa nje. Ule msaada wa NHS (huduma ya afya ya taifa) kwa wanafunzi, pauni 5,000 kwa mwaka zisizorudishwa na 2,000 za ziada kwa mzazi, nao umefungwa kwenye masharti hayo hayo ya mkopo. Wakati huo kazi iliyokuleta lazima iendelee, na masaa 2,300 hayalipwi. Usimpe hela yoyote kabla chuo chenyewe hakijakuandikia barua ya hadhi yako ya ada.

Ulizia shahada ya uuguzi kwa njia ya uanagenzi. Huko mwajiri anakuajiri, unalipwa mshahara, ada haitoki mfukoni mwako. Nayo ina masharti ya ukaazi, na mdhamini wako wa viza ahakikishe kwa maandishi kwamba nafasi hiyo haivunji masharti ya viza.

Mleta mada:

Bi Dozi asante, hilo la 100% lingefaa kuwa kwenye tangazo lao, chini ya picha ya laptopu.

Niongeze kuhusu nauli, maana watu wanadanganyana. Nauli za kwenda vituoni zinarudishwa kwa wenye sifa za msaada wa NHS, lakini baada ya kutumia, na wanakata ile ambayo ingekutoka kwenda chuoni kila siku. Fomu inathibitishwa na chuo kwanza. Kwa hiyo weka risiti zote na tarehe za zamu zilingane na ePAD, zikipishana hata siku moja inarudishwa. Mwenye kituo cha mbali ajipange kulipa nauli ya wiki kadhaa toka mfukoni kabla hajaona senti.

Anayejua chuo kinachotoa ratiba ya zamu mapema na kuiheshimu, anitumie ujumbe wa faragha. Kuna watu wanaanza Septemba, fomu bado hawajasaini.