Mutoto anataka kuwa piloti: Afrika ya Kusini, Nairobi ao Addis?

Papa_Neema_Lshi
Jambo yenu wote. Binti yangu amepata diplome ya Leta mu Math-Physique, na toka mudogo iko tu piloti, piloti, tukipita karibu ya kiwanja cha ndeke cha Luano anasimama anaangalia ndeke mpaka inapotea. Tuko na parsele moja Kasapa tunaweza kuuzisha. Wamoja wanasema Afrika ya Kusini, wengine Nairobi, shemeji yangu anasema Addis. Mwenye anajua anisaidie, sitaki kupoteza falanga ya batoto.

Mwana_Katuba
Papa, mbele ya kuuzisha hiyo parsele peleka mutoto kwa munganga wa anga, yule mwenye kutambuliwa na aviation civile. Mimi nilifanya kinyume. Nilipimwa afya klasi ya 2, ile ya kuruka bila mushahara, nikapita, nikalipa masomo, nikapata PPL, lisanse ya kwanza, kiisha njo nikaenda kupimwa klasi ya 1, ile ya kazi, na ile mashini ya kupima moyo ikaonyesha mapigo yangu haiko sawa. Falanga ilikuwa imekwisha kwenda. Lisanse za kazi, CPL na ATPL, zote zinaomba klasi ya 1, bila hiyo hakuna kampuni itakulipa.

Vie_Ruashi
Mwana Katuba amesema kweli. Papa Neema, ujue kwanza ngazi zenyewe juu mashule zinapenda kuzichanganya mu maneno. PPL ni ya kuruka bila mushahara, sheria ya ICAO, shirika la anga la dunia, inaomba saa 40 za kuruka, inchi zingine 45, na wengi wanapita hapo. CPL njo ya kazi, miaka 18, saa 200, ao 150 kama shule iko na programu ya kuunganisha yote na imekubaliwa. Juu yake unaongeza IR ya kuruka mu mawingu kwa kufuata vyombo, na ruhusa ya ndeke ya moteri mbili. ATPL ni ya komanda wa ndeke kubwa, miaka 21 na saa 1500. Sasa hesabia mwenyewe, kutoka 200 mpaka 1500 njo fasi batoto ba watu wanakwama, wanarudia nyumbani na lisanse mu sanduku. Uliza kila shule swali moja: kiisha saa 200 mutoto wangu atarukia wapi?

Ya_Birere
Mimi nilisomea Nairobi pale kiwanja cha ndeke cha Wilson, niko wa Goma. Uzuri wake: inje unasema Kiswahili yako, chakula unaijua, na walimu wengi wameruka kweli mu misitu na majangwa, haiko tu karatasi. Ubaya, Wilson iko na ndeke mingi, unaweza kukaa kwenye mustari unangojea zamu ya kupaa na moteri inawaka na saa inahesabia na ni wewe unalipa. Muulize kama bei ya saa ni ya moteri kuwaka ao ya kuwa hewani, hiyo tofauti ilinikulia falanga mingi sana. Na Kiingereza, papa! Sisi wa Kifaransa tunateseka. Radio yote iko Kiingereza, unapimwa, chini ya nivo ya 4 hauruke mu anga za kimataifa, na hiyo nivo ya 4 unairudilia kila miaka 3. Mutoto aanze leo, hata mbele ya viza.

Dada_Nguba
Afrika ya Kusini hewa ni nzuri, mashule ni mingi, kwa saa za kuruka sina neno. Lakini kaka yangu alilipa yote mara moja juu walimupunguzia bei, kiisha miezi kadhaa shule ikafunga milango na mupaka leo hatujaona hata dola moja. Mama alilia. Lipa kidogo kidogo, saa 10 ama 20, na logibuku, kile kitabu cha kuandika saa za kuruka, isainiwe kila juma. Addis siijue kwa macho yangu ila shule yao iko chini ya kampuni yenyewe ya Ethiopian, inachukua na wageni wenye kujilipia, nizamu yake kali. Mugeni asidhani akimaliza pale amepata kazi pale.

Vie_Ruashi
Na ingine, lisanse inatolewa na inchi. Akirudi na ya Kenya ao ya Afrika ya Kusini, kwa kuruka ndeke yenye kuandikwa 9Q, alama ya ndeke za Kongo yetu, lazima AAC, ofisi ya aviation civile ya Kinshasa, iitambue ao imupe yake, kwa hiyo aulize mapema karatasi gani wanaomba. Kwetu huku vijana wengi wanapata saa mu ndeke ndogo kama Caravan na Let 410. Kazi ni ngumu, viwanja vya udongo, mvua, milima, lakini pale njo mutu anakuwa piloti. Mimi kwa roho yangu ningechagua Nairobi, modulari, ni kusema ngazi moja moja, PPL kwanza tuone.

Papa_Neema_Lshi
Aksanti sana, parsele ingoje. Tunaanza na munganga na Kiingereza. Ila anavaa miwani, na tangu asubui hakuli juu ya ile.

Mwana_Katuba
Akule! Miwani haikatazi. Wanapima jicho na miwani ndani, kila moja ifike 6/9 na yote mbili pamoja 6/6, kiisha akiruka abebe miwani ya pili mu mufuko. Kutambua rangi njo wataangalia kwa makini. Atuambie siku ya kupimwa, tutamuombea.