Nikon FM2 kwenye boti Kibirizi: nifunge mota ya MD-12 au gripu tu?

mzawa_wa_ujiji: Wakuu habari za saa hizi, naombeni mawazo. Nina FM2, kamera ya mkanda (filamu), alfajiri nashuka Kibirizi, ziwani hapa Kigoma, kuwapiga picha wavuvi wa dagaa wakirudi, mara nyingi nipo ndani ya boti inayoyumba, mkono mmoja umeshika ubao mwingine kamera, na ile bodi mbele iko bapa haina pa kukamatia, vidole vikilowa inateleza. Kuna mtu Dar anauza MD-12, ile mota ya betri inayofungwa chini ya kamera kuvuta mkanda yenyewe, na kuna gripu za kufunga chini kwa skrubu zisizo na umeme. Nachotaka ni kushika vizuri, spidi sio ishu. Mnasemaje?

picha_tbr: Chukua gripu kaka. MD-12 ni betri nane za AA, ukijumlisha na kamera unavuka kilo kabla hata ya lenzi. Halafu watu wanadhani kila mota inasaidia kushika, sio kweli, mimi huku Tabora napiga harusi na Canon AE-1 na ile mota yake ya Power Winder A, betri nne, picha 2 kwa sekunde, nzuri sana ila ipo bapa chini haina mpini, kamera inakuwa ndefu tu na kitufe unabonyeza kilekile cha juu

mamaPicha_kgm: Hapo kwa Canon sawa, ila MD-12 ina mpini mbele na kitufe chake juu ya mpini, ni kitu tofauti kabisa. Na mdogo wangu, FM2 ili mita ya kupima mwanga iwake lazima ule mkono wa kuvutia mkanda uutoe nje kidogo, sasa kwa anayechungulia kwa jicho la kushoto unamchoma usoni. Ukifunga MD-12 mkono unaurudisha ndani, unabonyeza kitufe nusu mita inawaka. Kwenye boti, na mkono mmoja, hiyo ndio faida yenyewe. Uzito nao unatuliza kamera, mimi siuogopi

mzawa_wa_ujiji: Dada umenigusa, natumia jicho la kushoto!! Ila mkanda si utaisha fasta? mikanda yenyewe ya kuagiza

mamaPicha_kgm: Weka kwenye S, inapiga moja moja. Ukiiacha kwenye C, ya kupiga mfululizo, inakwenda picha 3 na ushee kwa sekunde, mkanda wa 36 unakwisha ndani ya sekunde kumi na kitu

fundi_lenzi: Nakubaliana na mama. Angalizo: MD-12 hairudishi mkanda, unabonyeza kitufe cha kurudishia halafu unazungusha mwenyewe kwa mkono kama kawaida. Betri za mita ya FM2 zipo chini ya bodi kwahiyo mota inazifunika, weka mpya kabla hujafunga. Zile AA zitoe ukifika nyumbani maana zikivuja zinakula vyuma. Usikubali muuzaji akubadilishie MD-11, mota iliyoitangulia MD-12, kwa bei ileile, ile ukisahau kuizima mita inabaki inawaka

picha_tbr: Kama ni jicho la kushoto basi narudisha maneno yangu, chukua mota. Ila mkanda wa mkononi fungia kwenye kamera yenyewe, usitegemee ile skrubu ya chini peke yake juu ya maji

mzawa_wa_ujiji: Poa wakuu, namwambia anitumie video ikivuta na mkanda ndani kabla sijalipa