Gumzo la familia: kompyuta ya Mama Mkubwa inapiga kelele

Mama Mkubwa: Jamani, nani yuko hewani? Kompyuta imejaa ukurasa mwekundu, inalia kama king'ora, inasema ina virusi na nisithubutu kuizima. Kuna namba ya simu hapo.

Mama Mkubwa: Nipige?

Nuru: Shikamoo Mama Mkubwa. Usipige hiyo namba tafadhali!

Nuru: Hiyo siyo kompyuta inayosema. Ni ukurasa wa intaneti uliojitanua mpaka ukajaza skrini yote. Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kukagua kompyuta yako ukajua ina virusi au haina. Na Microsoft wenyewe wameshasema kwamba ujumbe wao wa hitilafu au onyo hauwekwi namba ya simu. Ukiona namba, ni matapeli.

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Nabofya alama ya kufunga, haisikii.

Nuru: Usibofye chochote kilichomo ndani ya huo ukurasa, hata hiyo X, maana nayo wameichora wao. Shikilia kitufe cha Esc kwa muda. Ikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea orodha ya programu zilizo wazi, chagua kivinjari ukifungie hapo. Ukikifungua tena kikakuuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kataa.

Mama Mkubwa: Esc imegoma. Ngoja.

Mama Mkubwa: Imenyamaza! Alhamdulillahi.

Shangazi Zuhura: Pole sana wifi. Nuru, na mtu akipiga hiyo namba inakuwaje?

Nuru: Anapokea mtu mwenye sauti ya upole Shangazi, anajitambulisha kuwa fundi. Anakuelekeza upakue programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali. Programu yenyewe ni halali, mafundi wa kweli huitumia kila siku. Ukishamtajia ile namba ya kuunganisha, unaona kishale kinatembea chenyewe kwenye skrini. Anafungua orodha ya matukio ya Windows, ambayo hata kwenye kompyuta isiyo na tatizo haikosi alama nyekundu na za njano, anakwambia "unaona hivyo virusi?" Baada ya hapo ni malipo. Wengine hudai kadi za zawadi, wengine wanakuomba uingie kwenye akaunti yako ya benki huku wanatazama.

Shangazi Zuhura: Basi mtu anaamini kwa kuwa ameona kwa macho yake.

Nuru: Hasa. Mimi siwalaumu hata kidogo waliotapeliwa hivyo.

Baba Mdogo: ‼️ONYO KWA WOTE‼️ Kuna picha inasambazwa, ukiifungua kirusi kinaunguza kompyuta na hakuna dawa. TUMA KWA WATU 20 UWAPENDAO.

Nuru: Baba Mdogo shikamoo. Huo ujumbe hauna jina la kirusi, hauna tarehe, na kitu pekee unachotaka tufanye ni kuusambaza. Ujumbe wa namna hii ulikuwepo tangu zama za barua pepe. Naomba ujumbe huo usitoke humu.

Baba Mdogo: Marahaba. Nimeufuta.

Hamza: Dada Nuru shikamoo. Jana nilikuwa natafuta gemu ya bure kwenye hiyo kompyuta ya Mama. Ukurasa ukaniambia nithibitishe kwamba mimi si roboti, ila haukunipa picha za kuchagua. Ulisema nibonyeze kitufe cha Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ndiyo imeleta hii?

Nuru: Marahaba. Enter ulibonyeza?

Hamza: Ndiyo. Kikatokea kidirisha cheusi mara moja kikapotea.

Nuru: Mama Mkubwa, zima Wi-Fi kwenye hiyo kompyuta sasa hivi, kabla sijaeleza.

Mama Mkubwa: Nimezima. Kuna nini?

Nuru: Hamza, umefanya jambo kubwa kusema. Naomba asigombezwe, kwa sababu hili ndilo la kuhofia hapa. Ule ukurasa mwekundu ulikuwa kelele tu.

Nuru: Windows na R hufungua kidirisha cha kuipa kompyuta amri. Hamza alipobofya kile kisanduku cha roboti, ukurasa ulinakili amri kimyakimya. Ctrl na V ikaibandika, Enter ikaitekeleza. Kivinjari hakikutoa onyo kwa sababu hakikuombwa kupakua faili lolote. Mwenye kompyuta ndiye aliyeamuru. Mbinu hii inaitwa ClickFix, ilishika kasi kuanzia 2024. Uthibitisho wa kweli wa roboti huanzia na kuishia ndani ya ukurasa. Hautakuambia kamwe ubonyeze kitufe cha Windows.

Baba Mdogo: Lakini tangu jana kompyuta inafanya kazi vizuri tu.

Nuru: Programu za ujasusi zinataka iwe hivyohivyo, Baba Mdogo. Kirusi cha zamani kilijitangaza. Hizi za sasa zinaingia, zinazoa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, zinazituma kwa mwizi, na nyingine zinajifuta zenyewe. Kazi inaweza kwisha ndani ya dakika chache.

Mama Mkubwa: Nywila zangu zote nimehifadhi kwenye kivinjari.

Nuru: Nilidhani hivyo. Chukua simu yako, usiguse kompyuta. Anza na barua pepe, maana atakayeishika barua pepe anaweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine zote. Badilisha nywila, kisha tafuta kwenye mipangilio ya usalama sehemu ya vifaa vilivyoingia, utoe vyote. Hapo pa kutoa vifaa usiparuke. Mbali na nywila, hawa wezi huchukua vidakuzi, yaani vile vifaili vinavyoifanya tovuti ikukumbuke usiingie upya kila mara. Mwenye vidakuzi vyako anaweza kuingia bila nywila, na bila hata ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Ukivitoa vifaa vyote, vidakuzi alivyoiba vinakufa.

Nuru: Baada ya barua pepe ni benki, halafu mitandao ya kijamii.

Mama Mkubwa: Nimeanza.

Baba Mdogo: Mimi nina antivairasi mbili kwenye laptopu yangu, kwa hiyo niko salama?

Nuru: Mbili zinagombana Baba Mdogo. Kila moja inaiona nyenzake kama mvamizi, na laptopu inakuwa nzito. Baki na moja. Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender ndani yake, na kwa nyumbani inatosha kabisa ikiwa imewashwa na kompyuta inasasishwa.

Baba Mdogo: Masasisho nimeyazima, yanakula bando.

Nuru: Hapo ndipo ninapokuomba sana. Machi 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapitia tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Sasisho lilikuwepo miezi miwili kabla! Na WannaCry haikumsubiri mtu abofye kitu, iliruka yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Kwa shambulio la hivyo umakini wako hausaidii, sasisho ndilo linalosaidia.

Nuru: Laptopu yako ni Windows ngapi?

Baba Mdogo: 10.

Nuru: Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, lakini lazima ujiandikishe. Nitakupigia tuangalie kama laptopu inakubali 11.

Shangazi Zuhura: Mimi nilitumiwa ankara kwenye barua pepe, ni pdf lakini ina alama ya ajabu.

Nuru: Umeifungua?

Shangazi Zuhura: Bado.

Nuru: Usiifungue. Kawaida Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, kwa hiyo kitu kinachoitwa ankara.pdf.exe, ambacho ni programu, unakiona kama ankara.pdf. Mwezi Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilipitia ujanja huu, jina lilionekana linaishia TXT, kumbe nyuma yake kuna vbs, yaani faili la kutekeleza amri. Kwenye dirisha la mafaili, sehemu ya kuchagua mwonekano, washa kuonyesha viambishi vya majina, yaani hizo herufi za mwisho. Na huyo anayekudai mpigie kwa namba unayoijua wewe, si iliyoandikwa humo.

Mama Mkubwa: Barua pepe nimemaliza. Kulikuwa na kifaa nisichokijua, nimekitoa. Benki pia tayari.

Nuru: Umewahi mama. Wapigie benki pia, wapitie miamala ya jana na leo. Sasa kwenye kompyuta, bila intaneti, fungua Windows Security, kwenye ukaguzi wa virusi chagua ule wa Defender unaoanzisha kompyuta upya. Unakagua kabla Windows haijaamka, kirusi hakipati nafasi ya kujificha. Ni kama dakika 15.

Hamza: Nimekaa hapa na Mama. Imekuta kimoja, imekiondoa.

Mama Mkubwa: Kwa hiyo imepona?

Nuru: Ingekuwa yangu nisingeiamini bado. Ukaguzi unaondoa kile unachokitambua tu. Jumamosi nakuja tuifute Windows yote tuiweke upya. Kabla ya hapo tutanakili picha na nyaraka tu kwenye diski ya nje, programu yoyote tusichukue. Diski hiyo baadaye ikae imechomolewa, kwa sababu kirusi cha kudai fidia hufunga na mafaili ya diski iliyochomekwa.

Nuru: Na Hamza nitamfungulia akaunti yake isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Ya msimamizi itabaki kwa Mama Mkubwa, na hata yeye kazi za kila siku atumie ya kawaida.

Hamza: Na gemu?

Nuru: Tutazitoa kwenye duka rasmi. Zile zilizovunjwa ulinzi zinaomba uzime Defender kwanza ndipo zisakinike, na zikikuomba hivyo, funga.

Mama Mkubwa: Sawa. Ule ukurasa mwekundu utarudi?

Nuru: Ukirudi huenda kuna tovuti uliyoiruhusu kukutumia arifa. Kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, ondoa zote usizozijua. Jumamosi nitaangalia na viendelezi, yaani vile viprogramu vinavyoongezwa kwenye kivinjari. Mpaka hapo Wi-Fi ibaki imezimwa kwenye hiyo kompyuta.

Mama Mkubwa: Sawa mwanangu. Jumamosi nakungoja.