Maiki ya kamera ya getini inasumbua: niitengeneze, niongeze maiki ya nje, au ninunue kamera nyingine?

Mkazi wa Ilazo
Habari za jioni, ndugu zangu. Kamera niliyoifunga juu ya geti hapa Ilazo, Dodoma, inaonyesha picha safi mchana na usiku, lakini wiki ya pili sasa sauti yake inasumbua. Nimefikiria njia tatu: kumwita fundi aifungue, kuongeza maiki ya nje yenye waya wake, au kununua kamera nyingine. Mwisho wa mwezi nasafiri kikazi na nyumbani watabaki mama yangu mzee na watoto, kwa hiyo nataka niweze kumsikia anayegonga kabla geti halijafunguliwa. Aliyepitia hali hii anishauri ni njia ipi inadumu.

Fundi wa Majengo
Ndugu yangu, umetaja dawa tatu lakini ugonjwa hujautaja. Sauti haipo kabisa, inakatika, au inavuma? Kamera ni ya Wi-Fi au ya waya unaokwenda kwenye DVR, yaani kile kisanduku cha kurekodia? Sauti inakosekana unapotazama moja kwa moja, au unaporudia yaliyorekodiwa? Na je, ni wewe usiyemsikia mtu wa getini, au ni yeye asiyekusikia? Nauliza hili la mwisho kwa sababu neno "kipaza sauti" tunalitumia kwa kinachopokea sauti na kwa kinachoitoa pia, na nimeshaitwa mara nyingi kutengeneza maiki nikakuta mgonjwa ni spika. Ikiwa ni yeye asiyekusikia, angalia kwanza kama programu ya kamera ina ruhusa ya kutumia maiki ya simu yako. Ruhusa hiyo ni ya sauti yako kwenda getini. Kumsikia aliyeko getini kunategemea maiki ya kamera yenyewe.

Mama Kisasa
Mimi ningenunua kamera nyingine yenye maiki na spika ndani yake, nikapumzika. Ukijumlisha bei ya maiki, waya, mabomba ya kupitishia waya na ujira wa fundi, unakaribia bei ya kamera mpya ya Wi-Fi, na bado utakuwa na kamera ya zamani.

Mfugaji wa Nzuguni
Naungana na dada wa Kisasa, na nieleze kilichonifanya niiogope maiki ya nje. Mwaka jana nilitaka kusikia banda la kuku usiku, kwa kuwa kicheche alikuwa ameshanimalizia kuku wengi. Fundi niliyempata aliupitisha waya wa maiki kwenye bomba moja na waya wa taa, umbali wa hatua kama thelathini hivi. Usiku ule ule, badala ya kusikia kuku, nilisikia mvumo mzito usiokoma, kama mzinga wa nyuki uliowekwa sikioni. Fundi akasema maiki ni mbovu, nikanunua ya pili. Mvumo ukabaki. Akasema na hiyo ni mbovu, nikanunua ya tatu. Wakati huo wote kicheche anaendelea na kazi yake.

Aliyenikomboa ni kijana mmoja wa jirani anayefunga umeme wa jua. Alichomoa adapta ya kamera ukutani, akaleta betri ya volti 12, akaiunganisha kamera pamoja na maiki moja kwa moja kwenye betri hiyo. Mvumo ukapungua sana, nikasikia kuku wakijigeuza kwenye vitagio. Kisha akautoa waya wa maiki kwenye lile bomba la taa na kuulaza mbali, mvumo uliobaki nao ukaisha. Maiki zote tatu zilikuwa nzima. Adapta ya bei rahisi ilikuwa ikiingiza uchafu wa umeme kwenye sauti, na waya wa taa ulikuwa ukiongeza wake.

Fundi wa Majengo
Mzee wangu, pole sana, lakini kosa hilo ni la ufungaji na halitoshi kuihukumu maiki ya nje. Ukitumia waya wenye wavu wa kinga, ukautenga na waya wa umeme wa nyumba na kuweka adapta nzuri, maiki ya nje hukaa pale sauti ilipo, jambo ambalo maiki iliyo ndani ya kamera haiwezi. Ila kamera iwe na tundu la kuingizia sauti. Nyingi za Wi-Fi hazina, na ndiyo maana nasisitiza mwenye mada ajibu.

Mwanasheria Mtaani
Kabla ya kuongeza nguvu ya kusikia, fikirini pia kinachosikiwa. Tangu Mei 2023 hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kamera inayorekodi mazungumzo ya wapita njia na ya jirani kibarazani kwake si jambo dogo. Ningeshauri kibandikwe kibao getini kinachosema kwamba sauti inarekodiwa.

Mama Kisasa
Kibao ni sawa, kaka yangu, lakini mwizi hapigi hodi akasoma kibao. Bibi aliyebaki na wajukuu anahitaji kujua nani yuko nje.

Mwanasheria Mtaani
Sikupinga hilo, dada. Nasema jirani naye ana haki yake, na kuielekeza kamera getini kwako badala ya kibarazani kwake hakumpunguzii bibi usalama wowote.

Mkazi wa Ilazo
Samahani kwa kuchelewa. Kamera ni ya Wi-Fi, haina tundu la maiki, na jina lililoandikwa kwenye boksi silifahamu. Leo nilipanda ngazi na tochi. Kitundu cha maiki, ambacho hakizidi ncha ya sindano, kilikuwa kimezibwa na vumbi jekundu lililogandamana na utando wa buibui. Nimekisafisha kwa brashi laini. Mwanangu alipobisha geti nilimsikia vizuri, lakini jioni upepo ulipoanza, kilichosikika ni upepo tu.

Fundi wa Majengo
Umefanya vema kutumia brashi. Usiingize sindano humo kamwe, kwa kuwa nyuma ya tundu kuna utando mwembamba sana ambao ukitoboka maiki imekwisha. Kuhusu upepo, huu wa kiangazi cha Dodoma utaisumbua hata kamera mpya ikikaa juu ya geti wazi. Je, unaweza kuishusha na kuiweka upande wa ndani wa nguzo, mahali ambapo ukuta unaikinga?

Mkazi wa Ilazo
Inawezekana, ila nikiiweka hapo sitaiona barabara.

Mama Kisasa
Basi nunua ya pili uiweke hapo chini kwa ajili ya sauti, ile ya juu iendelee kutazama barabara.

Mfugaji wa Nzuguni
Na kabla ya kununua chochote, mwanangu, jaribu kwanza kubadilisha adapta.