China waliwezaje kufunga Wikipedia ya Kichina wakaacha ya Kiingereza?

Mwana_Chimwaga: Wakuu salaam. Niko UDOM, naandaa wasilisho la somo la mitandao. Nimesoma kuwa 2015 China walifunga zh.wikipedia.org, ila en.wikipedia.org ikaendelea kufunguka hadi Aprili 2019, walipofunga lugha zote. Anwani za IP, yaani namba za seva, ni zilezile kwa lugha zote, sasa walitenganishaje? Na kama wanaweza kuchagua lugha, mbona wasifunge ukurasa mmoja tu unaowakera?

Fundi_Rauta: Dogo, ngoja niweke koleo chini, niko Majengo nabana waya za ofisi ya watu. IP umeshajijibu mwenyewe: ukiifunga, lugha zote zinakwenda na maji. Wanachoangalia ni jina.

Jina linaonekana mara mbili. Kwanza kwenye DNS, ile huduma ya kugeuza jina la tovuti kuwa namba ya IP, kompyuta inapouliza zh.wikipedia.org iko wapi. Mitambo iliyo njiani inasoma swali na kurusha jibu la uongo, linatangulia lile la kweli, na kompyuta inashika la kwanza. Utamu uko hapa: uliza jina lililofungwa kwa anwani ya China isiyo na seva ya DNS kabisa, bado utajibiwa! Watafiti wanawapimia hapohapo.

Pili, HTTPS inapoanza, yaani mawasiliano ya tovuti yanayofichwa kwa msimbo. Kivinjari kinataja jina la tovuti waziwazi kabla ya kuanza kuyaficha mazungumzo, hapo panapoandikwa jina panaitwa SNI. Ni kama kifurushi unachomkabidhi konda stendi ya Nane Nane: jina limeandikwa juu kwa maka peni, kilichomo hakioni. Ukurasa uko ndani ya kifurushi. Enzi za HTTP tupu, isiyoficha kitu, waliweza kuzuia ukurasa mmoja mmoja. Wikipedia ilipohamia HTTPS yote 2015, ikabaki kufunga jina zima au kuacha. Mwaka 2019 wakaweka nyota, *.wikipedia.org, basi sabudomeini yoyote, yaani chochote kinachotangulia kama zh au en, imo.

Binti_Kisasa: Kwa hiyo mtu akiweka DNS ya Google, 8.8.8.8, badala ya ile ya kampuni yake ya intaneti, anapita?

Fundi_Rauta: Inategemea nchi, dada. Uturuki walipofunga Twitter Machi 2014, watu waliandika 8.8.8.8 kwenye kuta za mitaani, na ilifanya kazi kweli, mpaka kampuni za intaneti zikaanza kujifanya ndizo 8.8.8.8. China haikusaidii, swali linasomwa njiani kabla halijamfikia Google.

Mzee_wa_Zabibu: Si wafunge IP yaishe? Mnazunguka sana.

Fundi_Rauta: Shikamoo mzee wangu. Urusi walifanya hivyo kwa Telegram Aprili 2018. Ikajificha kwenye seva za Amazon na Google, wao wakafunga IP kwa mamilioni, huduma za watu wasiohusika zikazimika, Telegram inadunda tu. Juni 2020 wakaiondoa amri wenyewe.

Mwana_Chimwaga: Na hiyo SNI ikifichwa je?

Fundi_Rauta: Walijaribu, ikaitwa ESNI. Mwishoni mwa Julai 2020 China wakaanza kukata kila muunganisho unaoitumia, wajue unakoenda wasijue. Iweke kwenye slaidi, mhadhiri lazima aulize.