Frateniti ya kwanza ya mchanganyiko Marekani: ni 1895, 1948 au 1981?

Mtunza_Kumbukumbu:
Wakuu, habari zenu. Naandaa makala ya Kiswahili kuhusu vyama vya wanachuo wa Marekani vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki (frateniti na sororiti), hasa vile vinavyokusanya vijana wa rangi, dini na asili mbalimbali. Nimekwama kwenye neno "ya kwanza". Wapo wanaotaja Pi Lambda Phi (1895), wengine Beta Sigma Tau (1948), wengine Mu Sigma Upsilon (1981). Niandike ipi bila kumpotosha msomaji?

Karani_wa_Nyaraka:
Mkuu, zote tatu zina haki, ila hazijibu swali moja.

Pi Lambda Phi ilianzishwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1895 na wanafunzi watatu, ikatangaza kwamba dini ya mtu si kigezo cha kumpokea. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo zito. Hata hivyo, kutojali dini ni kitu kimoja na kuchanganya jamii ni kingine: kwa miongo mingi wanachama wake wengi walikuwa Wayahudi, waliofungiwa milango kwingine. Beta Sigma Tau ya 1948 ndiyo iliyoweka weusi na weupe pamoja kwa makusudi. Mwaka 1960 ikaungana na Pi Lambda Phi, na jina lake likapotea. Ndiyo maana orodha nyingi za leo zinairuka.

Mu Sigma Upsilon ilizaliwa Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, tarehe 21 Novemba 1981, na waanzilishi wake ni wanawake watano. Hii iliundwa ikiwa na wingi wa tamaduni kama shabaha yake tangu siku ya kwanza. Na hapa Kiswahili kinaweza kukutega. Sisi "ndugu" ni wa kike na wa kiume, ila Wamarekani hutenganisha: frateniti kwa kawaida ni ya wanaume, sororiti ni ya wanawake. Ukiandika "chama cha udugu cha kwanza" bila kufafanua, msomaji atadhani ni cha wanaume.

Mwalimu_Pembeni:
Naongezea alichosema Karani. Usichukue mwaka ambao chama kilifuta sharti la rangi kwenye katiba ukauita mwaka wa kuchanganyika. Sharti lilifutwa, desturi ikabaki. Katika vyama vingi uchaguzi ulifanywa kwa siri: kila mwanachama alitumbukiza gololi kwenye kisanduku, nyeupe kukubali, nyeusi kukataa. Pale ambapo gololi moja nyeusi ilitosha kumwangusha mwombaji, mtu mmoja tu aliweza kulifunga tawi zima bila kujieleza. Vingine vilidai barua ya kumpendekeza mwombaji kutoka kwa mwanachama aliyehitimu, na kijana ambaye hakuna wa kabila lake aliyewahi kuingia angeipata wapi?

Kisa cha kuweka kwenye makala yako ni cha Chuo cha Amherst, 1948. Tawi la Phi Kappa Psi lilimkubali mwanafunzi mweusi, Thomas Gibbs. Makao makuu yakalisimamisha tawi. Vijana hawakurudi nyuma, wakaendelea kama chama cha pale pale chuoni kwa jina la Phi Alpha Psi.

Pia usiiache Alpha Phi Alpha, iliyoanzishwa na wanafunzi weusi Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906. Bila vyama vya weusi na vya Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) kutangulia, hivi vya mchanganyiko visingekuwa na mfano wa kufuata.

Mtunza_Kumbukumbu:
Nashukuru sana. Mbona jimbo la New Jersey linajirudia hivi kwenye nyaraka ninazosoma? Na majina ya matawi yanasomwaje? Kuna chama nimekikuta hakina tawi la Omega (herufi ya mwisho ya Kigiriki), nikadhani lilifungwa.

Karani_wa_Nyaraka:
New Jersey ilianzisha kwa sheria mfuko wa kuwasomesha vijana wa kipato cha chini mwaka 1968, baada ya machafuko ya mji wa Newark ya 1967. Februari 1969 wanafunzi weusi wakalikalia jengo la Conklin Hall, Rutgers-Newark, wakidai nafasi zaidi za masomo. Vyuo vya jimbo vikaanza kubadilika sura, na matunda yakaonekana upesi: Lambda Theta Phi ya Walatino ilianzishwa Chuo cha Kean, humo humo New Jersey, mwaka 1975, kisha Mu Sigma Upsilon ikafuata Rutgers. Baraza la kitaifa la vyama vya mchanganyiko lilikuja baadaye, 1998.

Kuhusu matawi: la kwanza kwa kawaida ni Alpha, la pili Beta, mpaka herufi 24 ziishe, kisha Alpha Alpha, Alpha Beta na kuendelea. Omega vyama vingi huwatengea wanachama waliofariki, kwa hiyo kukosekana kwake si dalili ya tawi kufungwa. Kinachovuruga zaidi ni tarehe. Tawi moja laweza kuwa na siku ya kuanzishwa, siku ya kutambuliwa na chuo, na siku ya kufufuliwa baada ya kulala. Andika ipi ni ipi, na ukikuta gazeti la wanafunzi la mwaka huohuo, lipe uzito kuliko kijitabu cha sherehe kilichoandikwa miaka 25 baadaye.