Mjadala: Tuendelee kuwafundisha wanaoanza lugha ya programu ya Python kwamba kigeu (variable, kama x) ni sanduku la kuwekea thamani?

Mwalimu wa Ibanda, Bukavu: Mimi nasema tuache. Chukua bei za soko la Kadutu:

bei = [2500, 4000]
nakala = bei
nakala.append(6000)

append huongeza kitu mwishoni mwa orodha. Chapa bei: inatoka [2500, 4000, 6000]. Aliyezoeshwa masanduku mawili atatafuta kosa hadi jioni, na kosa halipo. Orodha ni moja, ina majina mawili. Alama ya = haikopi kitu, inakipa jina tu.

Fundi wa Birere, Goma: Mwalimu, kwa heshima, siku ya kwanza mtoto anaandika x = 5, basi. Tena katika lugha ya C sanduku ni kweli: int x ni nafasi halisi kwenye kumbukumbu, kwa kawaida baiti 4, na y = x inakopi thamani.

Mwalimu wa Ibanda: C nakubali kabisa. Ila katika Python, x = x + 1 haigusi ile 5; jina x linahamia kwenye 6. Kama y lilikuwa kwenye 5, linabaki hapo. Maelezo hayohayo yanafaa namba na orodha, kwa nini tufundishe mawili?

Dada wa Himbi, Goma: Niko na Mwalimu. Waonyeshe `is`: bei is nakala inatoa True (kweli), maana ni kitu kilekile; == hulinganisha yaliyomo. Lakini wasipime namba kwa `is`. CPython, yaani Python ya kawaida, huweka tayari namba ndogo, katika matoleo mengi -5 hadi 256, kwa hiyo huko jaribio linapita kwa 256, halafu kwa 257 linaweza kukataa.

Mtego mbaya zaidi kwenye programu za duka ni huu:

def ongeza(bidhaa, kapu=[]):

def huunda kazi (function), na [] ni orodha ya kutumika mtu asipotoa kapu. Orodha hiyo huundwa mara moja, def inapotekelezwa, si kila kazi inapoitwa. Mteja wa pili anakuta bidhaa za wa kwanza! Andika kapu=None (yaani hakuna kitu), kisha ndani: if kapu is None: kapu = [].

Fundi wa Birere: Na ile nakala ya bei, si tuwape tu bei.copy()?

Dada wa Himbi: Kaka, hiyo inakopi tabaka la juu peke yake. Orodha zilizo ndani zinabaki za pamoja, hapo inatakiwa copy.deepcopy, inayokopi hadi ndani.

Fundi wa Birere: Sawa, sanduku nitaliondoa, lakini tukifika kwenye orodha.

Mwalimu wa Ibanda: Ndugu, utakuwa umechelewa. Tangu somo la kwanza chora majina kushoto, vitu kulia, mishale katikati; kila = inasogeza mshale. Chaki inatosha, hata umeme ukikatika.